Nunua Saa za Usukani

Hotuba kwa vijana na wazazi, Ngamiani, Tanga. Tunaiweka yote hapa kwa ambao hawakuweza kufika.

Shikamooni wazee wetu. Vijana, hamjambo? Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaoitikia hivyo.

Mji wetu una msemo: waja leo waondoka leo. Kila mtu ana tafsiri yake, lakini kwa dereva wa lori hiyo ni ratiba ya kazi. Saruji ya Pongwe haikai Pongwe. Machungwa ya Muheza hayangoji. Mkonge, chokaa ya Amboni, shehena inayoshushwa pale bandarini, vyote vinaondoka juu ya matairi, na mbele ya kila mzigo yupo mtu ameshika usukani. Je, mtu huyo atakuwa kijana wa Makorora na Mabawa? Na je, atakuwa amefundishwa, au atakuwa amejifunzia kwenye maisha ya watu?

Wengi mmekuja na swali moja: "Leseni ya lori ni bei gani?" Tulijibu kabisa tusonge mbele. Ile kadi inayotolewa na TRA ni shilingi 70,000, na unakaa nayo miaka 5. Ndiyo hiyo. Katika safari nzima ya kuwa dereva wa lori, kadi ni kitu cha bei rahisi kuliko karibu vyote. Kinachokula hela ni mkono wako kulijua gari. Kwa hiyo, ndugu zangu, swali la kuuliza ni hili: ninapotoa ada, ninanunua nini?

Tuanze na ngazi, maana wapo wanaotaka kupanda kwa kuruka vipandio.

Leseni zetu zina madaraja. Pikipiki na bajaji ziko A na wadogo zake. B ni gari lako binafsi. Abiria ni C, C1, C2 na C3. D ni magari yote isipokuwa pikipiki, magari makubwa na magari ya abiria. Lori kubwa, na kichwa na tela lake, ni E. F ni matrekta, G ni mitambo ya mashambani na migodini. Sasa sikilizeni hapa: mwombaji wa E anatakiwa awe ameshika D kwa miaka isiyopungua 3, na awe na cheti cha mafunzo kutoka chuo kinachotambulika. Miaka mitatu! Hakuna mtu wa kukuuzia miaka mitatu kihalali. Anayekwambia "nipe laki tano nikutolee E wiki ijayo" ni kishoka, na kadi atakayokupa itakuaibisha siku askari akiingiza namba yake kwenye mfumo.

Yupo kijana mmoja wa Duga. Amekuwa utingo miaka mitano. Kupaki lori anapaki vizuri kuliko dereva wake, na kufunga turubai hana mpinzani. Leseni hana, hata ya D. Siku moja dereva anaumwa, tajiri anamwambia, "Si unajua wewe? Peleka." Kufika Hale anagonga gari dogo kwa nyuma. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Lakini bima inauliza kitu kimoja tu: dereva ana leseni ya daraja gani? Hapo habari ya fidia inaishia njiani. Gari dogo linamgeukia tajiri, tajiri anamgeukia utingo, na utingo ana kesi.

Kosa la kijana huyu lilianza siku gani? Wengi mtasema siku ya Hale. Hapana. Lilianza mwaka wa kwanza wa utingo, alipokuwa na umri wa kutosha na akili ya kutosha lakini akaiona D haina maana kwa sababu "mimi nataka lori". Angechukua D mwaka ule, miaka mitatu ingejihesabu yenyewe huku anakula posho ya utingo. Leo angekuwa chuoni anasomea E. Wewe uliyepo hapa una miaka 19 na unaosha malori pale Kange, saa yako ya miaka mitatu haijaanza kwenda mpaka ushike D. Kila mwezi unaoahirisha D, umeahirisha na E.

Njia ya D yenyewe haina miujiza. Kitambulisho cha NIDA. Namba ya mlipakodi, ambayo kuipata ni bure. Lena, yaani leseni ya muda ya kujifunzia, na ukiwa na lena huendeshi peke yako, unaendesha ukiwa na mwalimu. Unapimwa macho. Unasoma shule ya udereva, unapata cheti, unajaribiwa na askari wa usalama barabarani kwa alama za barabarani na kwa vitendo. Ukifaulu unakwenda TRA, wanakupiga picha na alama za vidole, unalipa. Miaka yako ikitimia, unarudi chuo kwa kozi ya magari makubwa ya mizigo, unajaribiwa tena, na E inaongezwa. Tunawaomba sana jambo la macho msilichukulie kwa wepesi. Kama usiku taa za gari linalokuja unaziona zimetawanyika kama nyota, nenda hospitali kabla ya kulipa ada ya kitu chochote.

Sasa tuje kwenye hela, na hapa tutakaa.

Wazazi wangu, mnapomtafutia kijana chuo, mnauliza ada tu. Ada peke yake haikwambii kitu. Tufanye hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano. Chuo cha kwanza kinataka 400,000. Kina lori moja na wanafunzi 20. Lori linatembea saa 6 kwa siku, siku 10 za mafunzo ya vitendo. Hizo ni saa 60. Gawa kwa 20: kijana wako anakaa kwenye usukani saa 3. Saa tatu! Chuo cha pili kinataka 700,000, lori moja, siku zilezile, lakini wanafunzi ni 6. Saa 60 kwa 6 ni saa 10. Sasa nani ghali? Wa kwanza anakuuzia saa moja ya usukani kwa zaidi ya 133,000. Wa pili anakuuzia kwa 70,000. Wa "bei poa" amekuuzia kwa karibu mara mbili, na juu ya hapo kijana anarudi nyumbani hajui kurudisha tela nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, ingia uani kwa miguu yako. Hesabu malori. Je, yanawaka, au moja limekaa juu ya mawe tangu masika? Kuna tela la kufundishia, au ni Fuso peke yake? Maana aliyefundishiwa Fuso tupu hajafundishwa tela, hata cheti kiseme nini. Uliza tupo wangapi kwa lori moja. Uliza kila mmoja anakaa saa ngapi kwenye usukani, na zinaandikwa wapi. Uliza kama tutatoka barabarani na mzigo au tutazunguka uwanja tu. Uliza, nikishindwa jaribio mara ya kwanza, kurudia ni kiasi gani. Chuo kizuri hakikasiriki kwa maswali haya. Kikikasirika, umeshapata jibu.

VETA wapo hapa hapa Tanga, na pale Kihonda, Morogoro, wanajulikana kwa mafunzo ya udereva. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kipo Mabibo, Dar es Salaam. Hivi ni vya serikali, unalipa kwa kontroo namba na unapata risiti. Ukiambiwa tuma kwenye simu ya fulani "akushughulikie haraka", rudisha simu mfukoni. Na ukienda Dar au Morogoro, ada ni nusu ya habari. Kuna nauli, chumba, chakula cha siku zote za kozi, kupima macho, ada ya jaribio, na ile 70,000 ya mwisho. Vijana wengi wanaokwama hawakwami kwenye ada, wanakwama wiki ya pili kwa kukosa hela ya kula, wanaacha kozi na ada imekwenda. Andika vyote kwenye karatasi moja kabla ya kuondoka.

Hela inatoka wapi? Kina mama mnajua kuliko sisi. Upatu wa watu 10, kila mmoja 70,000 kwa mwezi, zamu yako inakupa 700,000, na hakuna riba. Hiyo ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote. Kikoba nacho kinafaa, lakini mkopo wa kikoba una riba na unaanza kudai mwezi ujao, wakati mwanafunzi hana mshahara. Ukiuchukua, uwe wa kumalizia pengo dogo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini ni ya vikundi vyenye mradi. Usiende pale kuombea ada yako binafsi, utapoteza siku. Na kijana mwenye bodaboda inayokulisha, usiiuze ili ulipe kozi. Ukiuza kinachokulisha, ukimaliza kozi utachukua kazi yoyote kwa tajiri yeyote, hata lori lisilo na breki, kwa sababu una njaa. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndiko malori mabovu yanakopata madereva.

Njia nyingine ni tajiri kukulipia kisha akukate. Ni nzuri, ila iandikwe. Kiasi gani, miezi mingapi, ikitokea ameuza lori inakuwaje. Na vyeti vyako halisi vikae nyumbani kwa mama. Mpe nakala. Dereva ambaye leseni yake iko kwenye droo ya mtu mwingine hana ubavu wa kusema "lori hili siliendeshi".

Haya. Tumelipa. Sasa ile saa moja ya usukani ina nini ndani?

Tuchukue jambo moja tu tulitazame kwa karibu: kuunganisha kichwa na tela. Watu wanadhani ni kurudi nyuma mpaka usikie "kwa!" Mlio huo umewadanganya wengi.

Tela limesimama kwa miguu yake, magurudumu yametiwa kabari. Unarudi taratibu, umenyooka. Unasimama kabla hujagusa, unashuka. Ndiyo, unashuka! Unatazama urefu. Tela liwe chini kidogo kuliko sahani ya kichwa, lile bamba la mgongoni mwa kichwa linalobeba tela, ili sahani ilinyanyue kidogo inapoingia. Tela likiwa juu, kingpini, ile pini nene iliyo chini ya tela, inapita juu ya taya za sahani, inakaa kana kwamba imeingia, na mlio utausikia vilevile. Utaondoka hapo na tela ambalo halijafungwa. Kona ya kwanza, au breki ya kwanza kali, tela linabaki peke yake barabarani na watu wake.

Umerudi, imeingia. Ukiwa bado umeshikiza breki ya tela, tia gia ndogo, vuta mbele kidogo. Likikataa kutoka, vuta tena. Kisha zima, shuka na tochi, inama chini ya tela. Unatafuta vitu viwili: kati ya sahani na tela kusiwe na uwazi wa kupitisha mwanga, na taya ziwe zimeibana kingpini kwa nyuma. Mkono wa kufungia uwe umeingia ndani na pini yake ya usalama. Hapo ndipo unafunga paipu za upepo. Nyekundu ndiyo inayojaza upepo kwenye tela. Ya njano ndiyo inayopeleka amri ya mguu wako. Ile ya njano ikikaa vibaya, ukikanyaga breki kichwa kinasimama na tela halina habari, linakuja na tani zake zote, linakigeukia kichwa. Kisha waya wa taa. Kisha miguu ya tela mpaka juu kabisa. Wapo waliosahau miguu wakaikumbuka kwenye tuta la kwanza.

Mwenye mazoea anamaliza haya kwa dakika 10. Aliyepata saa tatu za usukani, ameyaona mara moja, kwa mbali, nyuma ya migongo ya wenzake 19.

Na breki. Vijana, breki za upepo zina siri moja ambayo lazima muijue. Upepo ukiisha kabisa kwenye mfumo, springi zinakaza breki zenyewe. Gari linagoma kwenda. Sasa jiulizeni: kama ni hivyo, kwa nini tunasikia kila siku lori "limefeli breki" mlimani? Kwa sababu mara nyingi kilichokwisha hapo siyo upepo. Breki zimechoka kwa moto. Dereva amekanyaga kuanzia juu ya mlima mpaka katikati bila kuachia, diramu zimekuwa kama kikaango, shuu zinazozibana zimekosa mshiko. Geji inaonyesha upepo upo, mguu uko chini kabisa, na lori linaongeza mwendo. Februari 2024, Ngaramtoni kule Arusha, lori lilishindwa kusimama likayavaa magari mengine, watu 25 wakapoteza maisha. Mungu awarehemu.

Dawa yake iko juu ya mlima, kabla hujaanza kushuka. Ukifika mlima Kitonga na tani 30 mgongoni, gia unaichagua ukiwa juu. Ile ambayo ungepandia, au ndogo kuliko hiyo. Ekzosi breki, ile inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo, unaiwasha. Breki ya mguu unaikanyaga kwa nguvu mpaka mwendo upungue kwa kama kilomita 10 kwa saa, kisha unaiachia ipoe. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Usitie free hata kama tajiri anahesabu lita za mafuta. Ukishatia free kwenye mteremko, gia haitakubali kurudi. Umebaki na mguu peke yake, na mguu peke yake hautoshi.

Asubuhi kabla ya yote hayo: washa, ngoja geji ipande mpaka bar 7 hivi, ile 100 ya geji za zamani. Zima injini, kanyaga breki uishikilie dakika nzima, sikiliza. Ukisikia "sssss", tafuta inapotoka. Na mitungi ya upepo uimwage maji kila siku. Sisi wa pwani hewa yetu imejaa unyevu, mitungi inajaa maji upesi kuliko ya wenzetu wa Dodoma. Yakitoka maji meupe kama tui yenye oili, kompresa inapitisha oili, mwambie fundi.

Tupite haraka kwenye mizani, kwa sababu huko ndiko dereva mpya anakolia. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ni ya 2016, na hapa kwetu ilianza kusimamiwa Machi 2019. Semi ya kawaida, yaani kichwa na tela lake, yenye ekseli 6: ya mbele tani 8, mbili za kichwa 18 kwa pamoja, tatu za tela 24. Jumla 50. Sasa kijana amepakia saruji, mifuko 600, tani 30. Na uzito wa gari lenyewe, jumla iko chini ya 50. Anakwenda Dar anaimba. Anafika mizani ya Vigwaza, anaambiwa amezidisha. Amezidishaje? Wapakiaji walianza mbele wakajaza, nyuma wakaacha wazi. Jumla iko sawa, lakini ekseli za kichwa zimebeba zaidi ya 18. Mifuko 40 tu ni tani 2, na kuihamisha kwa mikono juani ndiyo adhabu ya kwanza. Dereva anasimama pale pale Pongwe wakati wa kupakia, anaelekeza. Hakai kibandani kunywa chai.

Wanaotaka tenki la mafuta, hiyo ni elimu nyingine juu ya E. Someni kwanza. Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro, tenki lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Dereva wa mafuta anafundishwa la kufanya na mzigo wake ukimwagika, na la kufanya na watu wanaokuja mbio na madumu.

Na wanaotaka Zambia na Kongo, mtasikia "kadi ya njano" na mtachanganyikiwa, kwa sababu ziko mbili. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ni yako. Nyingine ni ya bima ya COMESA, umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni ya gari. Ukifika mpakani Tunduma na moja bila nyingine, unalala Tunduma.

Kuna mama ameleta swali kwenye karatasi: binti yangu anaweza? Mama yangu, usukani wa leo unasaidiwa na majimaji, hauhitaji misuli ya kupalia mkonge. Unahitaji subira, macho na mtu anayeshuka kutazama kabla ya kurudi nyuma. Binti aanze na D mwezi huu. Lakini akichagua chuo cha kulala, nenda naye ukaone bweni lenyewe, ukaongee na mwalimu wa kike kama yupo.

Maswali mengine tutayachukua nje. Kichwa na tela vipo pale uwanjani, vimetenganishwa. Wenye viatu vya kufunika waje watano watano, wenye kandambili watazame kwanza kwa mbali. Tutaanza na geji ya upepo, kisha kila mmoja atainama na tochi aione hiyo kingpini kwa macho yake.